Kijitabu cha Kugeuza Maneno Kuwa Aljebra: Kinunue, Lakini Anzia Sura ya Tatu

Kijitabu ninachokijadili hapa kinauzwa kwa shilingi 4,000 katika stesheneri zilizo jirani na shule, na wanafunzi wamezoea kukiita "kile cha kijani" kwa sababu jalada lake halina jina la mtunzi wala la mchapishaji. Kina sura sita, kimechapwa kwenye karatasi za A4 zilizokunjwa katikati na kubanwa kwa stepla, na kazi yake ni moja tu: kumfundisha mtoto kuichukua sentensi ya kawaida ya Kiswahili, mathalani "umri wa mama ni mara tatu ya umri wa mwanawe", na kuiandika kwa namba, herufi na alama. Kimewalenga watoto wa darasa la saba pamoja na wale waliokwisha kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwezi Septemba na ambao wako nyumbani wakisubiri kuanza kidato cha kwanza mwezi Januari. Nimekitumia na watoto wa rika hilo katika masomo ya jioni, na ninaona kwamba kinastahili kununuliwa, ila si kwa kukisoma kuanzia ukurasa wa kwanza.

Mada yenyewe inahitaji kijitabu cha peke yake, kwa kuwa vitabu vingi vya hisabati huipitia kwa haraka na kukimbilia kwenye kutatua milinganyo. Matokeo yake ni kwamba mtoto anayetatua 3n + 4 = 19 bila kusita hukwama anapoelezwa kwamba kaka yake Neema ana miaka 19, na kwamba umri huo unazidi mara tatu ya umri wa Neema kwa miaka 4. Mlinganyo ni uleule na jibu ni lilelile, yaani Neema ana miaka 5. Hesabu haikumshinda, isipokuwa hakujua ni kitu gani kinalingana na kitu gani. Aliyeandika kijitabu hiki analielewa tatizo hilo vizuri, na ndiyo maana inasikitisha kuona kwamba sura zake mbili za mwanzo zinalizidisha.

Sura ya kwanza inafungua kwa ukurasa mmoja wa historia, ambao ni mzuri na mfupi ipasavyo. Mwanafunzi anaelezwa kwamba al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliandika aljebra yake yote kwa maneno, bila herufi za kuwakilisha namba na bila alama ya sawa. Kwamba alama ya sawa tunayoitumia leo ilitungwa na Robert Recorde nchini Uingereza mwaka 1557. Na kwamba desturi ya kutumia x, y na z kwa namba zisizojulikana ilienezwa na René Descartes wa Ufaransa katika maandishi yake ya mwaka 1637. Mtoto akisoma habari hiyo anatambua kwamba watu waliyatatua maswali haya kwa karne nyingi wakiwa na maneno matupu, na kwamba alama zilikuja baadaye kuwapunguzia kazi ya kuandika.

Ukurasa unaofuata ndio unaoharibu. Hapo mwanafunzi anaambiwa kwamba machungwa 3 na maembe 2 huandikwa 3c + 2e, ambapo c ni machungwa na e ni maembe. Walimu wengi hufundisha hivyo, na sishangai kwamba mtunzi naye amefuata mkondo, lakini maelezo hayo si sahihi na madhara yake huonekana baadaye. Herufi katika aljebra husimama mahali pa namba. Ikiwa c ni bei ya chungwa moja kwa shilingi, na e ni bei ya embe moja kwa shilingi, basi 3c + 2e ni gharama ya matunda yote, na usemi huo una maana. Lakini ikiwa c ni chungwa lenyewe, basi usemi huo ni orodha ya sokoni iliyofupishwa, na hakuna thamani yoyote mtu anayoweza kuiweka mahali pa c.

Angalia kinachotokea baada ya hapo. Katika sura ya tano kuna swali linalosema kwamba katika shule moja kuna wanafunzi 45 kwa kila mwalimu, kisha linamtaka mtoto aandike mlinganyo kwa kutumia w na m. Watoto niliowapa swali hilo baada ya kuisoma sura ya kwanza waliandika kwa wingi 45w = m, wakiwa na hakika kabisa, kwa kuwa waliusoma mlinganyo wao kama sentensi: wanafunzi 45 kwa mwalimu 1. Hata hivyo, ikiwa w ni idadi ya wanafunzi na m ni idadi ya walimu, mlinganyo sahihi ni w = 45m, kwa maana idadi ya walimu ndiyo ndogo na ndiyo inayopaswa kuzidishwa ili ifikie ile kubwa. Kosa hili halitokani na uzembe wa watoto wetu. Katika utafiti uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Marekani waliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi swali la namna hiyohiyo, likihusu wanafunzi sita kwa kila profesa, na zaidi ya theluthi moja yao walikosea, wengi wao kwa kugeuza mlinganyo vivyo hivyo. Kwa hiyo mtunzi anayemfundisha mtoto kwamba e ni embe anamtegea mtego ambao hata wakubwa hunaswa.

Sura ya pili ni jedwali la maneno, na ndiyo sura ambayo wazazi huisifu zaidi kwa sababu inaonekana kama ufunguo wa kila swali. Upande wa kushoto kuna maneno kama jumla, ongeza na zaidi. Upande wa kulia kuna alama ya kujumlisha. Chini yake kuna tofauti, pungufu na baki, zikiwa na alama ya kutoa. Kisha zao, mara na kila, zikiwa na alama ya kuzidisha. Na mwishoni nusu, theluthi na robo kwa kugawanya. Mwanafunzi anaagizwa alikariri jedwali hilo, alipigie mstari neno husika katika swali, kisha aweke alama yake.

Njia hiyo hufanya kazi katika maswali kumi ya mwisho wa sura hiyo, kwa sababu maswali hayo yametungwa ili ifanye kazi. Nje ya hapo hushindwa mapema sana. Tuchukue neno "zaidi" peke yake. Tukisema "5 zaidi ya namba fulani", tunaandika n + 5. Tukisema "namba fulani ni zaidi ya 5", hakuna kujumlisha hapo hata kidogo. Tunaandika n > 5. Na tukisema kwamba Asha ana shilingi 2,300, ambazo ni shilingi 500 zaidi ya alizonazo Juma, kisha tukauliza Juma ana kiasi gani, mtoto aliyekariri jedwali atajumlisha na kupata 2,800, ilhali mlinganyo ni j + 500 = 2,300 na Juma ana shilingi 1,800. Neno ni moja, nalo limetupa usemi mmoja, ulinganisho mmoja wa kipi kikubwa na kipi kidogo, na swali ambalo jibu lake hupatikana kwa kutoa. Hali ni hiyohiyo kwa neno "baki": mtu aliyetoa maembe 5 akabakiwa na 7 alikuwa na n ambapo n − 5 = 7, yaani maembe 12, lakini mtoto wa jedwali ataona "baki", atatoa 5 katika 7, na ataandika 2 bila kujiuliza ilikuwaje mtu mwenye maembe 2 akatoa 5.

Hilo la kutojiuliza ndilo linaloniudhi zaidi kuhusu sura ya pili. Jedwali linamruhusu mwanafunzi kulijibu swali bila kulisoma.

Kuanzia sura ya tatu kijitabu kinabadilika kiasi kwamba mtu anaweza kudhani kimeshikwa na mkono mwingine. Jedwali linaachwa, na kila swali linaanza na ombi moja: kabla hujaandika herufi yoyote, sema ni kipi kikubwa na ni kipi kidogo. Mwanafunzi anachora mistari miwili, mfupi na mrefu, na kuandika jina kando ya kila mmoja. Katika swali la Asha na Juma, mstari wa Asha ni mrefu na wa Juma ni mfupi. Kipande kinachozidi kimeandikwa 500. Na mstari mzima wa Asha umeandikwa 2,300. Mtoto anayeutazama mchoro huo hawezi tena kujumlisha, kwa kuwa anaona kwa macho yake kwamba Juma akiongezewa kile kipande ndipo anapomfikia Asha. Ndipo kijitabu kinapomwambia aandike kile anachokiona: j + 500 = 2,300.

Hatua ya pili ya sura hiyo ni kumtaka mwanafunzi aandike, kwa sentensi kamili, herufi yake inasimama mahali pa nini, tena kwa kutaja kipimo. Haitoshi kuandika "j = Juma"; anatakiwa kuandika "j ni idadi ya shilingi alizonazo Juma". Inashangaza kwamba mtunzi aliyesisitiza jambo hili kwa makini namna hiyo katika ukurasa wa 19 ndiye aliyeandika habari za machungwa na maembe katika ukurasa wa 4. Nilipowapa watoto wengine sura ya tatu kwanza, bila kuwaonyesha zile mbili za mwanzo, swali la walimu na wanafunzi liliwasumbua kidogo tu, kwani waliandika "m ni idadi ya walimu" na mara moja wakaona kwamba idadi hiyo ni ndogo.

Hatua ya tatu inaitwa "rudisha kwenye maneno", na kwa maoni yangu peke yake inatosha kulipia zile shilingi 4,000. Baada ya kupata jibu, mwanafunzi analirudisha katika hadithi ya swali na kuisoma upya ili aone kama inasimama. Nitatoa mfano wa swali la umri, ambalo liko katika sura ya tano lakini linatumia hatua hizohizo. Umri wa baba ni mara 4 ya umri wa mwanawe, na baada ya miaka 6 utakuwa mara 3 ya umri wa mwanawe wa wakati huo. Binti mmoja wa darasa la saba aliandika 4m + 6 = 3m + 6, akapata m = 0, akaanza kurudisha kwenye maneno kama alivyoagizwa. Alifika katikati akaniambia, "Mwalimu, mtoto ana miaka sifuri, lakini na baba naye ana sifuri." Sikumjibu neno. Alilirudia swali, akaona kwamba ile miaka 6 inampitia mtoto pia kabla hatujazidisha kwa 3, akaweka mabano, akaandika 4m + 6 = 3(m + 6), na akapata miaka 12 kwa mtoto na 48 kwa baba. Kisha akasoma tena: baada ya miaka 6 mmoja atakuwa na 18 na mwingine 54, na 54 ni mara 3 ya 18. Kosa lile angelipeleka hadi kwenye karatasi ya mtihani kama kijitabu kisingemlazimisha kulisoma jibu lake mwenyewe.

Mabano yenyewe yamepewa sura ya nne yote, na hiyo ni busara, kwa kuwa katika maneno hakuna mabano ya kuonekana. Kilichopo ni mpangilio wa maneno peke yake. "Mara tatu ya jumla ya namba na 4" ni 3(n + 4), ilhali "jumla ya mara tatu ya namba na 4" ni 3n + 4. Kijitabu kinamtaka mwanafunzi aweke 2 mahali pa n katika semi zote mbili, apate 18 na 10, ili ajionee kwamba kubadili nafasi ya neno moja kumebadili thamani. Hivyo hivyo kwa "mraba wa jumla ya x na y" na "jumla ya miraba ya x na y": kwa 3 na 4, wa kwanza unatoa 49 na wa pili unatoa 25. Mazoezi ya jozi za namna hii yanachukua kurasa tatu, nami ningependa yangechukua sita.

Hata hivyo, sura hiyo ina kasoro ambayo mwalimu anapaswa kuifahamu mapema. Baadhi ya maswali yake yana maana mbili, lakini ukurasa wa majibu unakubali moja tu. Swali la 14 linasema "nusu ya namba ikiongezwa 6". Je, ni nusu ndiyo inayoongezwa 6, au ni namba ndiyo inayoongezwa 6 kisha tukachukua nusu? Namba ikiwa 10, njia ya kwanza inatoa 11 na ya pili inatoa 8. Katika mazungumzo mtu hutua kidogo mahali panapofaa na msikilizaji akaelewa. Katika maandishi kazi hiyo hufanywa na koma au kwa kuandika sentensi upya, mathalani "chukua nusu ya namba, kisha ongeza 6 kwenye hiyo nusu". Mtunzi hakufanya lolote kati ya hayo, na mtoto aliyejibu kwa mantiki nzuri anajikuta amekosa. Kwa upande wangu nimeyageuza maswali hayo kuwa zoezi la kutafuta maana zote mbili na kuandika usemi wa kila moja, na watoto wameyapenda kuliko yale yasiyo na utata.

Kuhusu sura ya tano, ambayo ni hazina ya maswali, sina maneno mengi. Kuna maswali ya umri, ya fedha, ya nauli, ya mistatili na ya namba zinazofuatana, nayo yamepangwa kutoka rahisi kwenda magumu. Nililolipenda zaidi ni kwamba maswali ya namba witiri zinazofuatana yamewekwa mara baada ya yale ya namba za kawaida zinazofuatana. Mtoto aliyezoea kuandika n, n + 1 na n + 2 analazimika kusimama na kufikiri kwamba kutoka namba witiri moja hadi nyingine ni hatua mbili, hivyo jumla ya namba witiri tatu zinazofuatana ikiwa 57 anaandika n + (n + 2) + (n + 4) = 57, na kupata 17, 19 na 21.

Sura ya sita inamwandaa mwanafunzi kwa kidato cha kwanza, ambako lugha ya kufundishia hisabati ni Kiingereza. Wazo ni zuri mno, maana mtoto aliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili anapofika huko hukutana na kazi mbili kwa wakati mmoja: kuielewa sentensi ya Kiingereza, kisha kuigeuza kuwa aljebra. Ugumu mkubwa uko kwenye mpangilio. Kwa Kiswahili tunaweza kusema "namba iliyo pungufu ya x kwa 5", nasi tukaandika x kwanza na 5 baadaye kama tulivyotamka, yaani x − 5. Sentensi ya Kiingereza ya maana hiyo hutanguliza 5 na kuimalizia x, na mtoto anayeandika kwa kufuata maneno yanavyokuja huandika 5 − x. Kijitabu kinalitaja jambo hilo kwa mistari minne, kinatoa mifano miwili, kisha kinajaza kurasa zilizobaki kwa orodha ya maneno ya Kiingereza na maana zake, jambo ambalo kwa kweli ni lile jedwali la sura ya pili lililovaa nguo nyingine. Mbinu ya mistari miwili ingefaa hapa kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa mchoro hautegemei lugha: ukishajua ni kipi kikubwa, mpangilio wa maneno haukubabaishi. Mtunzi hakuirudia hata mara moja.

Kuhusu uchapaji, herufi ni kubwa na nafasi ya kufanyia kazi inatosha, lakini stepla hulegea baada ya majuma machache na kurasa za katikati huchomoka. Alama ya kuzidisha na herufi x zimechapwa kwa umbo moja katika sura ya pili, kiasi kwamba "3 x 4" na "3x" hufanana machoni pa mtoto. Hii ni sababu nyingine ya kuiruka sura hiyo. Kuanzia sura ya tatu aina ya herufi za chapa ni nyingine, na tatizo hilo halipo.

Mzazi ambaye hajiamini katika hisabati anaweza kukitumia akiwa nyumbani, kwa sababu hatua za sura ya tatu zimeelezwa kwa lugha nyepesi na hazihitaji mwalimu wa kusimama kando. Amwombe mtoto achore mistari, aandike kwa sentensi herufi yake ni ya nini, na mwishoni amsomee hadithi ya swali ikiwa na jibu ndani yake. Kama hadithi haisimami, mzazi ataisikia hata kama hajui kutatua mlinganyo. Kwa mwalimu mwenzangu mwenye darasa kubwa, nashauri sura ya tatu na ya nne zifundishwe kwanza, sura ya tano igawanywe kidogo kidogo, na ukurasa wa historia usomwe kwa sauti siku yoyote muda unapobaki.

Kabla ya kumkabidhi mtoto nakala, rekebisha kwa kalamu majibu mawili katika ukurasa wa mwisho. Swali la mstatili ambao urefu wake unazidi upana kwa sentimita 7 na mzingo wake ni sentimita 54 limeandikiwa upana wa sentimita 17, ilhali mlinganyo 2(u + u + 7) = 54 unatoa upana wa sentimita 10, na hiyo 17 ni urefu. Na katika swali la 14 la sura ya nne, andika majibu yote mawili.